Wajukuu Walikuwa wa Bibi Yao. Mimi Nitawaanzia Wapi?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mzee wa miaka 71, mkazi wa Tabora, na mstaafu wa reli. Niliajiriwa mwaka 1975, tukiwa bado chini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, nikabaki kazini baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, na nilistaafu nikiwa stesheni masta. Sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa katika njia ya Kigoma: Urambo, Kaliua, Uvinza. Mke wangu alibaki Tabora akilima na kulea watoto, nami nilikuwa nikija nyumbani zamu ziliporuhusu. Nayaeleza haya ili uelewe kwamba sikupata kuwa mtu wa watoto. Watoto wangu walinipokea mlangoni, wakachukua mkoba, wakaniamkia, kisha wakarudi kwa mama yao.

Mwanangu wa kiume anaishi Dar es Salaam na mkewe na watoto wao watatu: msichana wa miaka 13 ambaye amemaliza darasa la saba mwaka huu, mvulana wa miaka 9 na binti mdogo wa miaka 5. Tangu yule mkubwa akiwa mchanga, kila Desemba walikuja kwetu kwa likizo. Hao walikuwa wageni wa bibi yao. Yeye ndiye aliyewatandikia mkeka chini ya mwembe baada ya chakula cha jioni, akawakaangia karanga, akaita "Hadithi, hadithi!" nao wakaitikia kwa kelele mpaka majirani wakasikia. Mimi nilikaa pembeni na redio yangu, nikiwasikiliza bila wao kujua.

Jambo moja tu lilikuwa langu. Mjukuu wangu mkubwa amepewa jina la bibi yake, na kwa desturi yetu tangu alipoanza kusema nilimwita "mke wangu mdogo", naye bibi yake akimwita "mke mwenza". Mtoto alikuwa akijibu kwamba yeye hawezi kuolewa na mzee asiye na meno, na kama babu anamtaka kweli basi alete ng'ombe kwanza. Tulicheka sote.

Mke wangu alifariki dunia mwezi Machi mwaka jana. Desemba ile wajukuu walikuja, na hiyo ndiyo ilikuwa likizo ya kwanza bila yeye. Walifika na mama yao, wakashuka kwenye basi la kutoka Dodoma, wakaniamkia vizuri. Siku ya pili nilimwita yule mkubwa kama nilivyozoea, mbele ya jirani aliyekuja kusalimu. Hakujibu neno. Alitazama chini akaingia ndani. Mama yake naye alinyamaza, na walipokwisha kurudi Dar es Salaam mwanangu alinipigia simu, akaniambia kwa upole kwamba ni vizuri niache kumwita mtoto jina lile, kwa kuwa amekuwa mkubwa na mama yake halipendi. Mshauri, usiku ule sikulala. Nilijiona kama mtu wa kuogopwa na damu yake mwenyewe.

Mambo mengine hayakwenda vizuri zaidi. Nilijaribu kuwasimulia hadithi moja ya mke wangu, nikaikosea katikati, na yule mvulana akamwambia dada yake kwa Kiingereza kwamba hadithi za babu hazina mwisho. Hawajui kwamba miaka yote ya kazi nilipokea na kuandika taarifa za treni kwa Kiingereza. Yule mdogo aliniuliza bibi amelala wapi, nikabadilisha mazungumzo. Kuanzia hapo walishinda ndani na tableti waliyokuja nayo. Tableti hiyo walikuwa nayo hata wakati wa bibi yao, lakini yeye akiita walikuwa wakiiacha kitandani. Siku moja tu mvulana alinijia mwenyewe, akauliza kwa nini treni inayopita hapa Tabora hugonga ta-ta, ta-ta, ilhali treni ya umeme waliyopanda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma haigongi. Nikamjibu kwamba reli zile mpya zimeungwa kwa moto. Akashukuru, akaondoka.

Sasa mwanangu anasema mwaka huu huenda wasije, kwa sababu mkubwa ana masomo ya matayarisho ya kidato cha kwanza. Badala yake anataka mimi nihamie kwake moja kwa moja. Chumba kipo tayari. Mkwe wangu hajasema lolote. Rafiki zangu wa bao wanasema ninunue simu janja na mambo yatajirekebisha. Je, nihame, niache nyumba hii na kaburi lililo nyuma yake? Nisubiri waje watakapopenda? Sitaki kuondoka duniani nikiwa mzee ambaye wajukuu wake wanajua kumwamkia tu.

Ni mimi,
Babu, Tabora

JIBU

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa msiba. Mwaka na miezi si muda mrefu kwa ndoa ya umri kama wa ndoa yenu, na nakuomba uruhusu nianze na hilo kabla ya wajukuu, kwa kuwa katika barua yako yote mambo haya mawili yamekaa chumba kimoja.

Nikikuelewa vizuri, unaniambia hivi. Wajukuu wako walikuwa na bibi aliyewajua, na kwa kupitia kwake walikuwa na babu. Bibi ameondoka, nawe umebaki na watoto watatu ambao unawapenda lakini hujui mlango wa kuwaingilia. Ulijaribu mlango wa hadithi, ukakwama. Ulijaribu mlango wa utani, ambao ndio pekee uliokuwa wako, nao ukafungwa kwa namna iliyokuumiza. Sasa unapewa mlango mwingine, wa kuhamia Dar es Salaam, na hujui kama ng'ambo yake wapo wajukuu au kipo chumba tu.

Niruhusu nikae kwanza kwenye utani, kwa sababu naona ndipo jeraha lilipo. Utani wa babu na mjukuu ni desturi ya makabila mengi ya nchi yetu, na mtu asiyeujua anaweza kuyasikia maneno yake asiisikie kazi yake. Mtoto wetu hufundishwa kumnyamazia mkubwa: baba akisema, husikiliza, mjomba akisema, huitikia. Kwa babu na bibi anaruhusiwa kumjibu mtu mzima ana kwa ana, kumwambia hana meno, kumdai ng'ombe, na wote wakacheka. Kwa hiyo sehemu yenye thamani katika utani wenu haikuwa lile neno "mke" ulilotamka wewe, bali lile jibu la mtoto. Siku alipotazama chini bila kujibu, utani ulikuwa umekwisha kwa siku ile, hata kabla mama yake hajasema lolote.

Swali langu ni kwa nini hakujibu. Wewe umeamini kwamba alikuogopa, au aliambukizwa woga na mama yake. Yawezekana aliona haya mbele ya jirani, kwa kuwa binti wa miaka 12 au 13 anaanza kuusikia mwili wake kwa namna mpya, na maneno ya ndoa yaliyomchekesha akiwa na miaka 6 sasa yanamgusa mahali pengine. Lakini nakuomba ulitazame jambo moja zaidi. Utani ule ulikuwa na watu watatu. Wewe ulimwita mke mdogo, bibi akamwita mke mwenza, mtoto akawakataa nyote wawili. Desemba ile uliposema maneno yako, palipaswa kusikika sauti ya pili, na haikusikika. Tena mtoto huyu analichukua jina la marehemu. Mjane anapomwita "mke wangu" msichana mwenye jina la mkewe, miezi tisa baada ya mazishi, mtoto anaweza kusikia kilio ndani ya mzaha, akakosa pa kukiweka. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Yeye ndiye anayejua. Nasema tu kwamba kunyamaza kwake kunaweza kuwa na maana nyingi, na wewe ulichagua ile inayokuumiza kuliko zote.

Kuhusu mkwe wako, soma tena maneno ya mwanao kama ulivyoyaandika mwenyewe. Hakuna mahali ulipotuhumiwa. Umeombwa uache neno. Mama wa leo anayelea binti mjini anasikia mengi yaliyowapata watoto wa wengine, mara nyingi mikononi mwa watu wa karibu, na shuleni watoto wanafundishwa kutofautisha mguso na maneno ya heri na yasiyo ya heri. Yapo hata madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto. Mama huyo hawezi kumfundisha binti yake kwamba neno fulani si la kuambiwa na mtu mzima, kisha amwambie kwamba kwa babu halina neno. Kwa mtoto kanuni huwa moja. Inawezekana kabisa kwamba anakuheshimu sana, na kwamba alipitia kwa mumewe kwa sababu ya adabu ileile ya ukwe inayomzuia kukukabili. Na kimya chake kuhusu wewe kuhamia kwao huenda kinatoka hapohapo: anasubiri kujua kama ulikasirika.

Unaweza kuliacha lile neno bila kuuacha utani. Hiyo ni njia moja, nayo ina gharama yake, kwa kuwa utakuwa unaweka chini kitu cha mwisho mlichokuwa nacho ninyi watatu. Njia ya pili ni kumwuliza mwenye jina, siku mkiwa mahali pa wazi na mama yake akisikia: "Zamani nilikuwa nakutania hivi na bibi yako. Sasa umekua. Wewe ungependa nikuiteje?" Hatari yake ni kwamba anaweza kujibu "jina langu tu", na itakubidi ulipokee jibu hilo kwa uso mkunjufu. Lakini hata likiwa hilo, atakuwa amekujibu, kama alivyokuwa akikujibu akiwa mdogo. Kumweleza mkwe wako mwenyewe, kwa ufupi na bila kujitetea, kwamba ulimsikia na hukukasirika, ni jambo ambalo mimi ningelipima mapema, ingawa wewe ndiwe unayejua mipaka ya mkwe na mkwe katika ukoo wenu. Pengine dada yako au shangazi wa mwanao anaweza kulifikisha vizuri zaidi.

Sasa nije kwa mvulana, na hapa nitasema bila kuficha kwamba barua yako ilinifurahisha. Unaandika kwamba siku moja tu alikujia mwenyewe, kana kwamba ni kidogo. Mtoto wa miaka 9 alisikiliza treni mbili katika safari moja, akagundua tofauti ya sauti, akatafuta mtu wa kumwuliza, akaja kwako badala ya kwenda kwenye tableti. Jibu lako lilikuwa sahihi kabisa, nalo lilikuwa fupi kama taarifa ya treni. Ulizoea miaka mingi kusema maneno machache yasiyoweza kukosewa, kwa sababu uhai wa abiria uliyategemea. Mtoto hahitaji jibu la namna hiyo. Anahitaji kujua kwamba jua la Tabora hurefusha chuma, kwamba mafundi wa zamani waliacha nafasi ndogo kati ya reli na reli ili zipate pa kutanukia, na kwamba ile ta-ta ni gurudumu linapita juu ya nafasi hiyo. Anahitaji kuulizwa: "Je, unadhani zisingeachiwa nafasi ingekuwaje?" Kisha aachwe afikiri hata siku nzima. Mpe futi kamba apime sakafuni upana wa reli yako ya zamani, milimita 1,000, na pembeni yake upana wa ile mpya, milimita 1,435, achore mistari kwa chaki, asimame katikati. Mweleze jinsi stesheni mbili zilivyokubaliana ili treni mbili zisikutane katika njia moja usiku wa mvua. Hizo ni hadithi, mzee wangu, na mwisho wake unaujua, kwa kuwa ulikuwapo.

Nalisema hili kwa sababu naona ulijaribu kuvaa nguo ya marehemu. Hadithi zake zilikuwa zake, na mtoto aliyezisikia kwake angekosa ladha hata kama ungezisema bila kosa. Sidhani wajukuu walikuwa wanakukataa wewe. Huenda walikuwa wanasikia pengo kila ulipofika pale ambapo bibi angeimba. Ukitaka hadithi hizo zisipotee, unaweza kugeuza mambo: waombe wao wakusimulie, kwa kuwa wanazikumbuka kuliko wewe. Ulikuwa ukisikiliza ukiwa pembeni na redio. Sasa sogea mkekani usikilize waziwazi, na ukikosea kuitikia, wakurekebishe. Na lile la Kiingereza, wewe ndiye mwenye kuamua siku ya kuwafahamisha. Ukiwajibu kwa ukali watajiona wamenaswa. Ukimwuliza mvulana kwa Kiingereza chako cha stesheni saa ngapi treni inaingia, nadhani atakutazama upya.

Yule mdogo alikuuliza bibi amelala wapi, nawe ukakwepa. Naelewa. Mtoto wa miaka 5 huuliza kifo kama anavyouliza mvua, wala hajui kwamba swali lake lina makali. Lakini ukikwepa, anajifunza kwamba bibi ni jina lisilotajwa katika nyumba ile, na watoto watatu wasioweza kumtaja bibi yao katika nyumba ya bibi yao watajificha mahali popote penye kioo kinachong'aa. Tableti, kama ulivyosema mwenyewe, ilikuwapo tangu zamani. Zungumza na wazazi wao kwanza, kwa sababu wapo wazazi wasiopenda mtoto mdogo apelekwe kaburini. Wakiridhia, unaweza kumshika mkono mkaenda pamoja kufagia majani na kumwonyesha. Ukilia mbele yake, hutakuwa umemdhuru. Na kama kanga za marehemu hazijagawiwa, shauriana na wanawake wa ukoo kama binti mkubwa anaweza kuzifungua pamoja na mama yake au shangazi, asome jina la kila moja, nawe ueleze ipi ilinunuliwa lini na kwa nini. Mengine hutayajua, na hilo nalo mtalizungumza.

Limebaki swali la kuhama, ambalo umelitaja mwisho ingawa ndilo zito. Siwezi kukuamulia, ila naweza kuweka mbele yako yale ambayo huenda hayajasemwa. Watoto wa Dar es Salaam wanaosoma kwa basi la shule wengi huondoka alfajiri na kurudi jua linazama wakiwa wamechoka, kisha kuna kazi za shule. Kuishi nyumba moja nao kunaweza kukupa saa moja tu kwa siku, na saa nyingine zote ukazikaa peke yako bila bao, bila jirani wa kusalimu, bila mwembe. Tena utamwingilia mkwe wako ndani ya nyumba yake kabla hamjalizungumza lile lililowakwaza. Kwa upande mwingine, una miaka 71 na unalala peke yako, na mwanao anapokuita inawezekana hafikirii wajukuu tu. Alikuwa yule mtoto aliyepokea mkoba mlangoni na kurudi kwa mama yake. Umewahi kumwuliza anataka nini kwako, yeye mwenyewe, mbali na watoto wake? Huenda naye anatafuta mlango uleule.

Kati ya kuhama na kusubiri ipo nafasi. Unaweza kwenda kwa wiki tatu, siku ya kurudi ikijulikana tangu mwanzo, ili asiyependa apumue na anayependa atamani uongeze. Kuna jambo dogo la kufikiria hapo: kuanzia Dodoma utapanda ile treni ya umeme iliyoanza safari mwaka 2024, na iwapo mwanao ataweza kumleta mvulana Dodoma mkapanda pamoja, kiti kwa kiti, mstaafu wa reli na mtoto anayesikiliza magurudumu, sidhani mtakosa la kusema hadi Dar es Salaam. Unaweza pia kuomba kwamba mkubwa aje Tabora kwa siku chache kabla masomo hayajaanza, kwa kuwa aliyemaliza darasa la saba mwezi Septemba ana nafasi kidogo hadi Januari. Lakini mwache achague, na mama yake aridhie, la sivyo atakuja kama aliyetumwa.

Simu janja nunua ukiipenda. Itakusaidia kumwona mdogo akicheka, na mvulana anaweza kukutumia sauti za treni uzitambue. Usiitegemee ikuanzishie mazungumzo, kwa sababu mtoto asiyejua aseme nini na babu mkekani atakaa kimya vilevile mbele ya kamera, na bando litakwisha mkitazamana. Iwapo kitochi chako bado kinafanya kazi, kwa sasa kinatosha kumpigia mvulana Jumamosi na kumwambia kwamba lile swali lake la Desemba hukulimaliza.

Ukipata nafasi niandikie tena, hasa kuhusu yule mwenye jina la bibi, na jibu atakalokupa.